Gunia Tupu ni la Nani?

Wasee, wacha niwaambie vile shosho mmoja alinimaliza mbele ya watu kwa swali la maneno matatu.

Kuna ghala dogo la chakula hapa kwetu, upande wa Chepkoilel. Sitalitaja jina, wanaoliendesha hawapendi kamera. Watu huleta mahindi, maharagwe, mboga, mkate wa jana, maziwa, na kila Jumamosi vinagawiwa kwa wale ambao wiki imewalemea. Wengi ni akina mama na wazee. Wengine ni makomredi wa chuo ambao pesa imeisha na hawataki kuambia nyumbani. Nalijua ghala hilo pande zote mbili. Mwaka ule niliacha chuo kwa sababu ya karo, nilipiga laini pale nikiwa na kofia imeshuka hadi machoni. Siku hizi ndio nabeba magunia.

Sasa Oktoba iliyopita nikaamua nitaleta mabadiliko. Nilikuwa nimetazama video kama kumi hivi za ng'ambo za watu wakipanga takataka. Nikatafuta mapipa matatu, nikayapaka rangi, nikabandika bango kubwa: UREJELEZAJI. Magunia yote matupu nikayafunga bunda moja, niyauze tauni bob 30 kila moja, tupate pesa ya bodaboda wa kubeba mboga. Nikajipiga na picha.

Shosho akakuja. Akaangalia bango, akaangalia bunda. "Kijana, gunia langu umeweka wapi?"

Nikamwambia kwa heshima, "Shosho, magunia sasa ni ya mradi."

"Mradi ni nani?"

Laini yote ikacheka. Mimi nikacheka pia, lakini ya uongo. Kumbe alikuwa ameahidiwa gunia hilo wiki tatu zilizopita, la kubebea mahindi kutoka kwa kishamba chake cha kukodi. Jioni nikaketi na hilo swali. Kisha nikaanza kusoma, maana mtu akiacha chuo haimaanishi ameacha kusoma. Nilichopata ni kwamba shosho alikuwa amesimama upande sahihi wa historia ya zaidi ya miaka mia moja.

Tuanze na benki ya chakula yenyewe. Ya kwanza duniani ilianzishwa mwaka wa 1967 mjini Phoenix, Arizona, kule Marekani, na jamaa anaitwa John van Hengel. Alikuwa akijitolea kwenye jiko la kulisha maskini. Akakutana na mama wa watoto kumi ambaye alikuwa akiwalisha kwa kuchokora mapipa nyuma ya duka kubwa. Mama akamweleza kwamba chakula kile hakina shida; kinachokosekana ni mahali pa kukiweka, huyu aweke na yule atoe, kama vile benki. Van Hengel akapeleka wazo kwa parokia ya St. Mary's, akasaidiwa na jengo kuukuu na pesa kidogo, na St. Mary's Food Bank ikaanza. Leo kuna benki za chakula mabara yote, hata Kenya tunayo.

Isome tena polepole. Wazo lilitoka kwa mtu aliyekuwa akichokora. Sisi hapa Eldoret mtu kama huyo tunamwita chokoraa, jina limetoka kwa hicho kitenzi, na tumeligeuza tusi. Kwa hivyo mimi nikibandika bango la urejelezaji kwenye ghala la chakula, ni kama nimeenda baharini na glasi ya maji. Ghala lenyewe ni urejelezaji tangu siku ya kwanza.

Na hii Chepkoilel pia. Mwaka wa 1946 walowezi wazungu walijenga hapa kituo cha kufundisha wakulima wa mashamba makubwa. 1984 kikawa chuo cha walimu. 1990 kikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi, 2010 kikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, na 2013 kikapata hati yake na jina la Chuo Kikuu cha Eldoret. Jina likabadilika, kazi ikabadilika, mahali ni pale pale. Na kinachouma ni hiki: tuko Uasin Gishu, kaunti inayoitwa ghala la nafaka la Kenya, na bado Jumamosi kuna laini ya kungoja unga.

Haya, turudi kwa vyombo.

Mwishoni mwa karne ya 19, mafuta ya taa yalianza kuzunguka dunia kwa meli yakiwa ndani ya mikebe ya bati ya mraba. Kampuni kama Standard Oil zilipakia mikebe miwili ndani ya sanduku moja la mbao. Kila mkebe ulibeba kama lita 18 au 19. Mafuta yakiisha, kwa aliyeuza safari ya mkebe ilikuwa imefika mwisho. Kwa aliyenunua ndio ilikuwa inaanza.

Sisi tukauita debe, neno lililotoka India, kama vile neno gunia nalo lilivyotoka huko kwa njia ya bahari na biashara. Debe likachota maji. Likapimia mahindi. Likakatwa likawa koroboi. Likabanjuliwa likawa bati: pale Pumwani, Nairobi, mtaa uliojengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika, watu waliezeka nyumba kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyofunguliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Hakuna aliyewafanyia semina.

Debe liliingia mpaka ndani ya mdomo wetu. Tunasema debe tupu haliachi kuvuma. Hiyo methali tunaizungumza kana kwamba ilitoka kwa Adamu, lakini haiwezi kuwa na umri kuliko mkebe wenyewe. Makanga akiita abiria, anapiga debe. Mwanasiasa akitafutiwa kura, anapigiwa debe. Na siku ya uchaguzi Wakenya huenda debeni. Hebu fikiria, mkebe wa mafuta ukageuka hadi ukawa jina la sanduku la kura. Hilo debe la kura tutalirudia.

Halafu kuna gorogoro. Hii ni ya kwetu kabisa. Kopo la kilo mbili la mafuta ya kupikia, Kimbo, Cowboy ama Kasuku, lilipomaliza kazi jikoni lilienda sokoni kupima mahindi na maharagwe. Likawa kipimo cha nchi nzima bila waziri kutia sahihi. Bei ya gunia la kilo 90 inasomwa kwenye habari, lakini mama anayenunua chakula cha leo haulizi gunia. Anauliza gorogoro ni ngapi. Siku hizi mafuta mengi yanauzwa kwa plastiki, yale makopo ya bati yamekuwa adimu madukani, lakini gorogoro bado iko sokoni. Wengine huibonyeza chini kwa nyundo ili ibebe kidogo, na wanunuzi wazoefu huigeuza kwanza waangalie matako yake. Kama kuna hila na kuna ukaguzi, basi hicho ni kipimo halali, au sivyo?

Profesa Wangari Maathai alipokuwa akipigana na mifuko ya plastiki, alisafiri Japani mwaka wa 2005 akakutana na neno mottainai, yaani kusikitika kitu kikiharibika bure, akalipenda akalitangaza dunia nzima. Namheshimu sana. Ila najiuliza kwa nini gorogoro haijawahi kupelekwa kwenye mkutano wowote wa kimataifa.

Sasa njoo kwa chakula cha msaada, maana hapa ndipo swali la shosho linakaa.

Vita vya Somalia na Sudan vilipoleta watu Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, kambi za Dadaab na Kakuma zikaanzishwa. Pamoja na nafaka, familia zilipewa mafuta ya kupikia kwa mikebe ya bati kutoka Marekani. Kila mkebe ulikuwa umeandikwa jina la aliyetoa, na onyo kwamba si wa kuuzwa wala kubadilishwa. Mtu akishapika mafuta, anabaki na bati zuri, safi, lisilooza. Watu wakaifungua hiyo mikebe, wakainyoosha, wakaipigilia misumari kwenye mbao. Ikawa milango. Ikawa kuta za vibanda na ua. Tafuta picha za Dadaab utaona: mlango mzima umejaa jina la Marekani, mstari juu ya mstari, kama vigae.

Mimi hiyo milango inanifikirisha sana. Aliyetoa aliandika jina lake kwenye mkebe ili ijulikane ni wake. Aliyepokea akaupigilia msumari nyumbani kwake, na hapo ukawa wa nani? Lile onyo lilizungumzia mafuta. Mlango ni hesabu nyingine kabisa, na yule fundi aliyeunyoosha ndiye aliyeimaliza.

Nimewaahidi tutarudi kwa debe la kura. Tarehe 27 Desemba 2007 Kenya ilienda debeni. Tarehe 30 matokeo yakatangazwa, na nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Hapa Eldoret ni kati ya pale palipoungua vibaya zaidi. Uwanja wa maonyesho, Showground, ambao kwa kawaida ni wa kuonyesha ng'ombe wa gredi na matrekta, ukajaa mahema na maelfu ya watu wakiishi kwa chakula cha Msalaba Mwekundu na cha Shirika la Chakula Duniani. Nilikuwa na miaka minne. Wengi wetu tuna rika hilo, na nyumbani hii stori haiongelewi wakati wa chakula.

Nilimtafuta shosho wiki iliyofuata nimwombe msamaha. Akanikaribisha chai. Nje kulikuwa na mahindi yameanikwa juu ya gunia moja kuukuu, limeshonwa shonwa pembeni, maandishi yamefutika yote. Nikamuuliza ni la wapi. Akasema, "Hilo ni la Showground."

Gunia hilo lilikuja na mahindi mwaka wa 2008. Mahindi yakaisha kwa siku chache. Usiku gunia likawa blanketi ya mtoto wa mwisho. Baadaye akalipasua upande mmoja, akalitundika katikati ya hema liwe pazia, kwa sababu waliwekwa pamoja na familia nyingine na wasichana wake walikuwa wakubwa. Walipotoka kule, kitu pekee alichotoka nacho ambacho hakuingia nacho ni gunia hilo. Amelianikia mahindi tangu hapo. Sasa limechoka, na ndiyo maana alitaka lingine.

Halafu mimi na mapipa yangu ya rangi nikamwambia gunia ni la mradi.

Hapo ndipo nilielewa kosa langu. Nilikuwa nimeanza kwa kuamini kwamba hawa watu hawajui kutumia vitu tena, nami nimekuja kuwafunza. Kumbe pale ghalani kulikuwa na mpango tayari, wa kimyakimya, bila bango: huyu anajulikana anangoja gunia, yule anangoja mtungi wa mafuta wa lita 20, mwingine anachukua katoni za kuwashia moto na kuwekea vifaranga. Mradi wangu ulikuwa unachukua kitu ambacho maskini anakitumia tayari, unakiuza, halafu unapiga picha ukisema umeokoa mazingira.

Mtu atauliza, kama sisi ni wakali hivi kwa kutumia vitu tena, mbona mitaro ya Eldoret imejaa? Swali ni zuri. Jibu liko ndani ya vitu vyenyewe. Debe, gunia, gorogoro, vyote ni vitu vigumu, vinaweza kuajiriwa mara ya pili. Karatasi ya nailoni imetengenezwa iajiriwe mara moja tu, kwa dakika kumi. Hauwezi kuezekea nyumba na karatasi ya mkate. Mazoea yetu hayakufa. Walituletea kitu ambacho mazoea hayawezi kukishika.

Serikali iliona. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ikapigwa marufuku, na faini ikawekwa kati ya milioni 2 na milioni 4, au jela mwaka mmoja hadi minne. Nilikuwa darasa la nane na nakumbuka mama mboga wakiogopa kuliko siku za kanjo. Ilisaidia. Lakini pakiti za kiwandani kama za maziwa na mkate zikaachwa. Mwaka wa 2022 ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayotaka kila mtu atenganishe taka zinazooza na zisizooza. Hiyo ndiyo ilinipa wazo la mapipa, na wazo si baya. Ila sheria ilinipa mapipa. Jibu la kumpa shosho ilibidi nilitafute mwenyewe.

Tukaitisha mkutano, watu wa kamati na watu wa laini, wote kwenye mabenchi yale yale. Na haukuwa mtamu. Mmoja wa kamati alisema wazi: pesa ya magunia ingelipa bodaboda, na bila bodaboda kabichi zinaozea shambani, na zikioza kuna mtoto atakosa kula. Hiyo si hoja ya kijinga. Mama mwingine akajibu, "Gunia mkiuza, mimi nitaenda kununua moja sokoni, na pesa hiyo ni ya unga." Tukazunguka hapo karibu saa mbili. Mwisho tukaacha kuuliza kitu hiki ni plastiki au ni karatasi. Tukauliza kila kitu kina mwenyewe gani.

Cha kwanza, vyenye mwenyewe tayari: magunia, mitungi, ndoo, makopo. Hivyo haviuzwi. Kuna daftari, majina yanaandikwa kwa zamu, na makomredi pia wanaandikwa, maana kuna mmoja anatumia mtungi kuweka maji hosteli.

Cha pili, vyenye mnunuzi: katoni zinazobaki na vyuma. Hapo tukawaita vijana wawili wanaookota skrapu, wale wale tulikuwa tukiwafukuza getini. Wanajua bei kuliko sisi wote. Wanabeba wao, wanauza wao, sehemu inarudi ghalani inanunua chumvi na sabuni. Hatutegemei sana pesa hiyo, kwa sababu mnunuzi anaweza kupotea siku moja. Mnakumbuka Januari 2022 serikali iliposimamisha biashara ya vyuma kuukuu baada ya nguzo za stima kuharibiwa? Mpaka Mei hakukuwa na wa kumuuzia.

Cha tatu, vinavyooza. Hili ndilo rundo kubwa zaidi na kwenye video zangu halikuwepo kabisa. Ghala la chakula hupokea mboga siku zake za mwisho. Kila Jumamosi kuna sukuma imekuwa njano na nyanya zimepasuka. Hizo ni za jirani mwenye nguruwe, na maganda na majani mengine yanaenda kwa shimo la mbolea nyuma ya ghala, tunafunika na udongo na nyasi kavu ili nzi na harufu visitutoe pale.

Cha nne, visivyo na mwenyewe: karatasi za mkate, pakiti za maziwa, na vile vikaratasi vidogo vya sukari ya robo tulivyokuwa tukipimia sisi wenyewe. Dawa ya hivi ni visiingie. Tumeomba wanaotuletea sukari na maharagwe walete kwa gunia, halafu kila mtu anakuja na chombo chake na tunampimia. Mnajua tunapima na nini? Gorogoro. Haijabonyezwa, mmeruhusiwa kuigeuza.

Sitawadanganya kwamba imekuwa mbinguni. Pakiti za maziwa bado ziko kwenye kona, zimejaa magunia mawili, na hakuna anayezitaka. Pesa ya bodaboda bado tunachanga, na mwezi uliopita kabichi za mfadhili mmoja zilioza kabla hatujazifikia. Yule wa kamati aliniangalia tu, hakusema kitu. Alikuwa na haki ya kusema. Bado naona tuliamua vizuri, lakini naona pia kwamba uamuzi huo ulilipiwa, na hatukuulipia sisi tulioketi kwenye mkutano peke yetu.

Kwa hivyo kama unapanga kuanzisha kitu kama hiki, kanisani kwenu, msikitini, hosteli, popote chakula kinapogawiwa, usianze na rangi za mapipa. Simama pale mlangoni Jumamosi moja na uangalie tu: nani anatoka na nini, na nani anaangalia gunia likimiminwa na hasemi kitu. Huyo wa mwisho ndiye mwalimu wako.

Shosho alipata gunia lake wiki ya pili ya Novemba. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye daftari, nililiandika mwenyewe. Akalikunja, akaliweka chini ya kwapa, akaniuliza kama bango la UREJELEZAJI bado tunalitumia. Nikamwambia hapana. Akasema basi alichukue, ubao ule ni mzuri, kuku wake hawana mlango.

Nikamsaidia kulibeba hadi stejini.

Sasa ninyi niambieni. Kwenu kuna chombo gani kilikuja na chakula na hakijawahi kutoka? Uliza nyumbani, uliza shosho, kisha uniambie kilibeba nini kabla hujazaliwa.